Shuka la Baba Mkwe

Kwetu Iringa, kwa Wahehe, mkwe anaheshimiwa, sikatai. Lakini nilipoolewa na Mnyakyusa na kuhamia Mbeya, miaka ile ya sabini, nilikuta heshima ya kukimbizana. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe uso kwa uso, hasemi naye, hapishani naye njiani. Tukienda kuwasalimu wakwe Tukuyu, mzee alikuwa anakohoa tangu mbali ili nipate muda wa kupotea. Nimeshaingia migombani na ndoo ya maji kichwani. Nimeshajificha chooni mpaka miguu ikafa ganzi. Sura yake sikuijua. Nilichokijua ni kile kikohozi, kikavu, cha mtu anayepiga hodi.

Kazini nilikuwa nesi wa wodi ya wanaume, na huko sikuwa na aibu hata chembe. Kisonono, kaswende, mabusha, madereva wa malori wanaolia kabla sindano haijawagusa, yote nilishayaona. Wanaume wanajigamba weee, lakini hebu mwambie mmoja avue suruali uone anavyokuwa mpole.

Jumapili moja mchana wakamshusha mzee mmoja kutoka kwenye lori la ndizi. Hakuwa amekojoa tangu jana yake. Tezi dume, ile inayovimba uzeeni, ilikuwa imembana njia, na tumbo limekaza chini ya kitovu kama ngoma. Nilikuwa nakwenda kumpokea, mpira wa mkojo mkononi, nikasikia kile kikohozi. Mungu wangu! Niligeuka mbio nikajibanza nyuma ya kabati la shuka.

Mama mkwe, aliyekuja naye, akanifuata huko huko, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, atakufa?"

"Mkojo ukizidi kukaa utamharibu figo. Ndiyo, mama, anaweza kufa."

"Basi mtafute mwanamume amsaidie."

Mwanamume gani? Dresa wetu, mwenye kazi hiyo, alikuwa msibani Makongolosi. Daktari alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji na mama aliyeshindwa kujifungua. Aliyebaki ni mwanafunzi wa uuguzi ambaye hakuwa amewahi kuweka mpira hata mara moja, na mpira ule ukisukumwa vibaya penye tezi unachana njia. Kule kitandani mzee akaanza kulia, mtu mzima, kwa sauti. Hasira zikanipanda. Si kwake, ni kwetu sisi tuliosimama nyuma ya kabati tukijadili heshima.

"Mama," nikasema, "mwiko wenyewe ni nini hasa? Si uso?"

"Uso, na kusemezana."

"Basi mfunike uso, na kusema utasema wewe."

"Na huko chini?"

"Huko chini walioweka mwiko hawakupafikiria."

Alinitazama kama anataka kunizaba kofi. Kisha akavuta shuka kabatini, akaenda kumfunika mumewe gubigubi, kichwani mpaka kitovuni. Ukimtazama juu, maiti. Ukimtazama chini, mtu anayekwenda kuoga.

Nikanawa, nikavaa glavu, nikamsafisha, halafu nikamnong'oneza mama mkwe.

"Anasema vuta pumzi!" akapaza sauti.

"Nani anasema?" likauliza shuka.

"Nesi!"

"Nesi yupi?"

"Nesi ni nesi! Wewe vuta pumzi, mwanamume!"

Mpira ukagoma penye tezi. Nikikosea hapa nimemuua baba wa mume wangu mbele ya mkewe, na mwiko nimeuvunja bure. Nikatulia, nikangoja ashushe pumzi, nikausogeza polepole. Ukapita! Mkojo ukaanza kutoka, nikawa nafungua kidogo na kubana, maana kibofu kilichojaa vile hakimwagwi kwa pupa. Chini ya shuka mzee alikuwa anasema "Ndaga, ndaga," asante za Kinyakyusa, moja juu ya nyingine. Mama mkwe akaketi sakafuni, akawa analia na kucheka.

Akalazwa kusubiri upasuaji. Mlio wa viatu vyangu alishauzoea. Nikifika mlangoni tu anakohoa, shuka linapanda, nami nabadili chupa ya mkojo na kumsafisha kimya kimya. Wenzake wodini walikuwa hoi kwa kicheko. "Mzee kaficha pua, bendera kaiacha nje!" Niliwachoma sindano zao kwa moyo wote.

Alipona, akarudi Tukuyu. Ndugu walipokuja kumpa pole, mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na sufuria ya chai. Mmoja akauliza ni nani hasa aliyemwekea ule mpira. Nikaacha kumimina chai. Mama mkwe naye akaacha kuchochea moto.

Mzee akakohoa.

"Simjui," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Uso wake sijauona mpaka leo. Ila ana mkono mwepesi, na yule mwanangu wa Mbeya alijua kuchagua."