Kuku wangu na karte ya ustaarabu

Leo nyumba yetu ilikaribia kulipuka, na bwana yangu, huyu aliyenioa, amevaa kravati shingoni.

Muzungu wa serikali alikuja kuangalia kama tumestaarabika vya kutosha kupewa karte, ile cheti ya watu weusi wanaoishi kama Wazungu. Basi bwana yangu akaazima jiko ya gazi kwa rafiki yake wa stesheni. Mbabula yangu ya makala, jiko yetu ya makaa ya kila siku, ikafichwa nyuma ya choo, kama mwizi.

Akafunga madirisha yote.

"Gazi isitoke bure!"

(Mutu wa akili sana, huyu.)

Chupa ya gazi ilivuja. Nikauliza harufu ile ni ya nini. Eti ya Ulaya!

Sasa, gazi ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Na chini ya meza nilikuwa nimeficha kuku, maana wastaarabu hawalali na kuku.

Muzungu akaingia, kiko mudomoni, kiberiti mukononi.

Kuku akatoka anayumba kama mulevi, akaanguka juu ya viatu vyake.

Muzungu akainama. Akanusa.

Serikali ikatoka mbio mulangoni, sisi nyuma yake. Kuku nilimubeba mimi.

Madirisha yakafunguliwa, harufu ikaisha, na bwana yangu akaapa kwamba chupa imekazwa na kahawa itapikwa kwa gazi. Mimi nikapika kahawa kule nyuma ya choo, kwa makala. Muzungu akaionja, akatabasamu:

"Unaona, mama? Hii njo ladha ya gazi!"

Karte tutapata, anasema. Kuku ameamuka.

Niambieni basi: iandikwe jina la bwana yangu, ao la kuku?