Fimbo ya Atieno na Swali Langu Baya

Nilifika Migori juu ya mzigo. Nilikuwa utingo wa lori, na tulikuwa tumetoka Mombasa siku tatu nyuma, tukalala Mtito Andei, tukapoteza nusu siku Narok kwa pancha mbili, kisha tukashuka Kisii na Rongo, miwa imesimama pande zote za barabara. Nyuma yangu, chini ya turubai, kulikuwa na mbao nyeupe za plastiki zisizofika goti, nyingine zimepinda kama robo ya sufuria. Dereva alisema ni vitanda vya watoto. Mimi nilisema ni boma la nguruwe. Tulikosea sote.

Ulikuwa ukuta wa kuchezea floboli. Ninyi mnaoingia sasa katika kazi hii ya kutunza vifaa vya timu mmeukuta mchezo huu umeshazoeleka, lakini siku hiyo mimi nilikuwa sijawahi kuusikia. Timu mbili, watu sita kila upande, fimbo nyepesi zenye bapa la plastiki mwishoni, kampira kenye matundu kama chujio, na kipa anayepiga magoti bila fimbo yoyote. Ukuta unazunguka uwanja ndani ya ukumbi ili mpira usipotee. Timu ya wasichana wa Migori ilikuwa imeingia Ligi Kuu ya taifa, na Ligi Kuu haichezwi bila ukuta.

Tulipomaliza kushusha, Kocha Mkuu aliuliza nani anaweza kuunganisha. Alikuwa mama mrefu, filimbi shingoni hata akienda kanisani. Nikajitolea. Nilizipanga zile mbao vizuri, halafu nikazifunga kwa kamba kutoka kona hadi kona, nikakaza kama mzigo wa saruji unaopanda mlima. Nikasimama kando nikingoja kusifiwa.

Kocha akaupiga teke. Haukusogea.

"Hii ni lori?" akauliza. "Msichana akija mbio agonge hapa, nini itavunjika? Ubao ama mguu?"

"Mguu, Madam."

"Basi fungua. Ukuta wa floboli lazima ukubali kusukumwa." Alinitazama nikifungua fundo moja baada ya jingine. "Mikono iko sawa, ni kichwa tu. Lori linaondoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Liache liende."

Nikaliacha. Nilidhani nitakaa wiki mbili. Nilikaa miaka tisa, mimi ambaye sijawahi kumaliza miwili mahali popote tangu nitoke sekondari.

Cheo changu kilikuwa mtunza vifaa, lakini wote waliniita Fundi. Jumamosi hatukugusa fimbo, kwa kuwa nusu ya timu walikuwa Wasabato. Jumapili asubuhi nusu nyingine walikuwa misa. Kwa hiyo mechi zetu zilikuwa Jumapili alasiri, wote wakiwa wameshaombewa. Nilifika kabla yao, nikaunganisha ukuta, nikapiga deki, nikakagua fimbo moja moja. Fimbo ya mchezaji ikisimama sakafuni inapaswa kufika juu kidogo ya kitovu chake. Ikizidi hapo, anacheza kama anayevua samaki.

Bapa nalo limepinda upande mmoja. Kuna wa kushika mkono wa kulia chini, na kuna wa kushoto. Mchezaji mpya akija, nilifungua daftari na kumuuliza, "Unakula na mkono gani?" Wote walijibu kulia. Nikaagiza fimbo za kulia, sanduku zima. Hakuna aliyelalamika, maana karibu wote walitoka hoki ya shuleni, na fimbo za hoki huwa za upande huo huo.

Kisha akaja Atieno kutoka Sindo. Hakuwahi kushika fimbo ya hoki. Alikuwa na mbio zilizomfanya Kocha asahau kupuliza filimbi. Nikamuuliza swali langu, akajibu kulia, nikampa fimbo.

Mpira ulimkimbia. Angefika golini peke yake, apige, na mpira uende kwa mashabiki. Wenzake walimcheka, wakimwita binti wa Sindo kwa Kijaluo: "Nyar Sindo, goli haliko Tanzania!" Alicheka nao, halafu alibaki ukumbini peke yake akipiga ukutani hadi nikataka kufunga mlango. Alikuja katikati ya msimu; nusu iliyobaki ilikuwa hivyo. Msimu wa pili mzima hivyo.

Mechi ya mwisho ya msimu huo ilichezewa Homa Bay, paa la ukumbi wetu likitengenezwa. Tukishindwa, tunashuka daraja. Sare ingetubakiza. Kocha aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, "Atieno leo anakaa benchi. Nimeshamwambia. Baada ya mechi anarudi kwao."

Tulikuta sakafu imefunikwa na wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi na kufuata taa. Walikuwa wameingia usiku na kufia humo, wamelala kama makapi ya mtama. Wasichana wakachukua mafagio ya mpini mrefu. Mimi nilikuwa nimeinama nikipachika kona ya ukuta nilipoinua macho nikamwona Atieno akifagia. Mkono wa kushoto ulikuwa chini, wa kulia juu, na wadudu walikuwa wakienda mbele yake kwa mstari mmoja mnyoofu.

"Atieno! Si uliniambia unakula na kulia?"

"Nakula na kulia, Fundi."

"Na kufagia?"

Akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Nyumbani ukipeleka kushoto kwa ugali, nyanya anakuchapa na mwiko. Lakini ufagio hakuna mtu alinifundisha."

Nilimwendea Kocha nikamweleza.

"Msimu mmoja na nusu, Fundi?"

"Ndiyo, Madam. Kosa ni langu."

"Fimbo ya kushoto iko wapi?"

Haikuwepo. Lakini chini ya sanduku kulikuwa na fimbo ya mazoezi ya watoto, bapa lake nyoofu kabisa. Nikakimbia kwa mama wa chai aliyekuwa nje ya ukumbi, nikamwomba sufuria yake.

"Unapika mti?" akauliza.

"Napika goli, mama."

Nikalichovya bapa katika maji yanayotokota hadi likalegea, nikalikandamiza kwenye ukingo wa meza yake, nikalimwagia maji baridi lishike umbo. Shida ilikuwa mwamuzi. Ana kipimo cha chuma, na bapa likipinda kupita kiasi timu inaadhibiwa.

"Likikataliwa," Kocha alisema, "mnaenda Sindo wawili."

Mwamuzi alilaza bapa mezani. Akapitisha kipimo. Akapitisha tena, akanitazama, akairudisha fimbo.

Hadi kipindi cha tatu, cha mwisho, tulikuwa nyuma, matatu kwa mawili. Kocha aliniangalia, akaangalia saa, akasema, "Nyar Sindo, ingia ufagie." Atieno aliupokea mpira karibu na kona, akamzunguka beki, na hakupiga hata, aliusukuma tu, vile vile alivyosukuma wadudu, chini kabisa kwa mstari mnyoofu. Kipa alipofunga magoti ulikuwa umeshapita. Kocha aliruka ukuta, na ukuta, kwa kuwa haukufungwa kamba, ukaanguka naye.

Mechi iliisha matatu kwa matatu, tukabaki Ligi Kuu. Atieno alibaki Migori, na baadaye akawa nahodha.

Miguu yangu ilianza kuniwasha kwa hamu ya barabara mwaka wa tisa. Lori la mahindi lilikuwa linapakia sokoni, na dereva alihitaji mtu. Nilipita ukumbini kukabidhi ufunguo. Msichana mpya kutoka Mbita alikuwa amesimama mbele ya sanduku, na mdomo wangu, kwa mazoea, ukafunguka: "Unakula na mko—"

"Fundi!" ukumbi mzima ukapiga kelele.

Atieno alichukua ufunguo mkononi mwangu kwa mkono wa kushoto, akacheka, akamrushia yule msichana ufagio. Nikawaaga nikatoka. Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia ufagio ukikwaruza saruji, kisha sauti ya Atieno: "Kushoto! Leteni ya kushoto!"

Na ilikuwepo.