Sampu Niliyoipima kwa Maji

Nakumbuka asubuhi moja pale Manundu, mwanangu, nilipokuwa fundi kijana mwenye ovaroli safi na maneno mengi. Mama Zaina, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa amefunga injini ya gari jingine kwenye pikapu yake, na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikawa inagonga ekseli. Nikamwambia, "Niachie mimi, mama."

Nilikata bati nene, nikachomelea sampu mpya. Ndani nikajenga kuta ndogo, ili gari likipanda mlima oili isikimbilie nyuma na kuiacha pampu ya oili ikinyonya hewa. Kila ukuta nikautoboa chini, oili ipate njia ya kurudi. Nilipendezwa na kazi yangu, sikufichi. Kisha nikaipima kwa maji. Haikuvuja, na maji yakapita matunduni upesi. Oili ingechafua meza, nami nilikuwa nimeshaifuta.

Nikaifunga kwenye pikapu, tukaondoka kwenda Kang'ata kuchukua mahindi, yeye kwenye usukani. Kwenye mlima wa kwanza taa nyekundu ya oili ikawaka. Niliogopa sana, lakini mdomo ukasema, "Endelea tu mama, ni waya huo."

Mama Zaina akazima injini palepale. "Injini hii ndiyo inasomesha wanangu," akasema. "Ikifa, wewe utawasomesha?"

Lori likatuvuta kurudi Manundu. Mzee Mhina, aliyenifundisha kuchomelea, akaifungua sampu, akamimina oili upande mmoja. Ikajikokota matunduni, upande wa pampu ukabaki mkavu.

"Uliipima na kitu gani?"

"Maji, mzee."

"Injini hii inakunywa maji?"

Nikapanua matundu, nikapima kwa oili, meza ikachafuka vizuri. Taa ile haikuwaka tena, na tangu hapo sampu niliyotengeneza mimi haijarudishwa.

Matundu madogo hayanisumbui, mwanangu, yale yalitobolewa upya. Ninaloonea aibu mpaka leo ni ule uongo wa waya. Nilikuwa tayari kuua injini ya mama wa watu ili jina langu lipone.

Basi kazi yako ijaribu kwa kile itakachobeba, hata kama kitakuchafua. Na taa ikiwaka, zima kwanza, kubali, ndipo utafute sababu. Mungu aibariki mikono yako, na akujaalie wateja kama Mama Zaina, wasiokuamini haraka.