Siku niliyomwombea mtoto fildi kwa mkwe

Binti yangu mdogo alizungusha barua za kuomba fildi, yale mafunzo ya kazini ya wanachuo, Tunduma nzima, kila ofisi ikasema imejaa. Bila fildi chuo kisingemruhusu kuendelea. Aliyebaki ni mkwe wangu, mume wa dada yake, anayefanya kazi ya kutoa mizigo mpakani. Lakini kwetu mama hasemezani na mkwe. Nikaenda na mdogo wangu, nikasimama nje ya dirisha la ofisi, nimeligeuzia mgongo.

“Mwambie mkwe, mtoto amekosa fildi.”

Mdogo wangu akarudia vilevile, ingawa mkwe alishasikia.

“Mama mdogo, mwambie mama, binti aje Jumatatu.”

Hapo nikamkumbuka msichana wa Ivuna aliyekuwa akizunguka na binti yangu, hana ndugu hapa. Nikajisahau, nikapaza sauti mwenyewe: “Wako wawili, baba!”

Aibu ikanishika. Mkwe akacheka.

“Mama mdogo, mwambie nimesikia. Waje wote.”

Labda wapo walioleta barua kabla yetu wakaachwa. Sijui, na sikuuliza. Lakini wasichana wote wawili walimaliza fildi, na mkwe namshukuru mpaka leo.