Nani Alichomoa Nyuzi za Ovaloki Yangu?

Mwizi aliingia kwenye chumba chetu cha kushonea. Akaacha pasi. Akaacha mikasi mipya. Akaacha vitambaa vya watu.

Alichomoa uzi tu.

Nyuzi zote nne za ovaloki yangu, kuanzia kwenye koni mpaka kwenye sindano. Nimeamka asubuhi nakuta mashine iko uchi kama kuku aliyenyonyolewa, na koni zake zimesimama pembeni kwa adabu kabisa.

Kama wewe si fundi cherehani utasema, "Sasa hilo nalo la kulilia? Si uingize uzi mwingine?"

Tulia basi nikueleze.

Ovaloki ni ile mashine inayofunga ukingo wa nguo kwa ndani usifumuke. Juu ina sindano mbili, tumboni ina kulabu mbili, kila moja na uzi wake, na njia za huo uzi zimejikunja huko ndani kama utumbo. Kwa hiyo sisi mafundi tuna janja yetu. Uzi ukikaribia kwisha hatuuchomoi. Tunaukata kwenye koni, tunaufunga na uzi mpya kwa fundo, halafu tunavuta mpaka mpya upite wenyewe njia ya ule wa zamani. Hiyo ndiyo kuunga.

Ukiunga miaka yote hiyo hujui uzi unapita wapi, na huna haja ya kujua. Mashine yangu niliinunua ya mtumba, ikaja na nyuzi zake ndani, nikaunga, maisha yakaendelea.

Sasa siku hiyo hapakuwa na cha kuunga.

Dada akaingia amebeba ndoo ya maji. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja, aliyenilea mama alipofariki. Yeye ndiye aliyenifundisha cherehani, kichwa changu hakijafika hata usawa wa meza. Tulikuwa tunaishi nyumba moja na kushona chumba kimoja, yeye kwenye cherehani yake ya miguu, mimi kwenye mashine zangu za umeme.

"Ni paka wa jirani," akasema.

"Paka?"

"Paka akiona uzi unaning'inia unafikiri atausalimia?"

"Na koni je? Paka ndiye aliyezisimamisha?"

"We mtoto, si mimi nimeziokota! Nimeamka kabla yako."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Ingekuwa wakati mwingine ningecheka. Lakini nilikuwa na kazi ya hospitali. Mama mmoja mtunza stoo, mkali, miwani iko puani muda wote, alikuwa amenipa kitambaa cha magauni ya wodi ya wazazi kwa majaribio. Yakipendeza na yakifika kwa wakati, magauni ya wodi zote ni yangu, kazi ya kudumu. Nilikuwa nimeshaongea mpaka na mwenye nyumba mmoja, anipe chumba kile cha kando ya barabara. Kwa mara ya kwanza maishani ningekuwa na mlango wangu mwenyewe. Nilishaanza kuota kibao chake kitaandikwaje.

Na magauni ya hospitali bila ovaloki hayaendi popote.

Nikaanza kuzunguka kuuliza njia ya uzi, maana kuazima ovaloki haiwezekani, kila fundi na foleni ya kazi zake. Fundi wa kwanza: "Dada, sisi tunaunga tu." Wa pili: "Mimi naunga." Wa tatu alikuwa na ovaloki kubwa kuliko yangu, ameitumia tangu ujana wake. Akakuna kichwa.

"Ngoja nikuulize kwanza. Kwani wewe ulichomoa kwa nini?"

Nikaondoka kabla sijamtukana.

Fundi wa kutengeneza mashine akasema, "Ilete niifungue." Nani ampelekee? Mashine ikiingia kwake hutoka imepungua uzito.

Na msiniambie mambo ya video. Nilitazama mpaka macho yakawa mekundu. Mashine za kwenye video zina rangi za kuonyesha njia ya kila uzi. Yangu rangi zilishafutika, na hata njia zenyewe ni tofauti. Nilihitaji kitabu chake cha maelekezo, cha mashine hiyo hiyo.

Nikampigia mfanyabiashara aliyeniuzia.

"Kitabu si nilikupa?"

"Hukunipa."

"Nilikiweka kwenye mfuko, pamoja na pedali. Siku ile hukuja wewe, alikuja dada yako."

Nikamuuliza dada. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Wauza mitumba hao! Mfuko ulikuwa na pedali tu. Huyo atakwambia hata pasi alikupa."

Kweli bwana. Muuza mtumba na dada yako, utamwamini nani?

Kuna mzee anauza vitabu vya maelekezo vya vitu vilivyotumika, amevirundika chini kwenye turubai. Nikapekua mpaka mgongo ukaniuma. Vya friji, vya pampu za maji, vya redio. Mzee akanikabidhi kimoja kwa mbwembwe zote.

"Hiki hapa, mwanangu. Cha mashine."

"Mzee, hii ni mashine ya kufulia."

"Sasa mashine si mashine?"

Nikarudi nyumbani miguu imevimba. Nikaweka picha ya ovaloki yangu kwenye kundi la mafundi mtandaoni, nikaandika kabisa: natafuta kitabu chake, nina kazi ya watu, nisaidieni jamani.

Wengi walicheka. Mmoja hakucheka. Alijiita Fundi Kimya, hana picha, hana maneno mengi. Akanifuata pembeni.

"Kwenye kibati cha nyuma pameandikwa namba gani?"

Nikamtumia.

"Kitabu chake ninacho."

Akanitumia picha ya jalada. Namba ile ile, herufi kwa herufi. Nilipiga kelele, dada akaacha kushona. Nikamwonyesha. Akaitazama simu, akanirudishia.

"Mungu hamtupi mja wake," akasema.

Fundi Kimya akanitumia picha za kurasa kadhaa, mahali pa kutia mafuta, jinsi ya kubadili kisu. Nikamwomba ule wa kuingiza uzi.

"Huo umechanika," akaandika. "Lakini naujua kwa kichwa. Anza na sindano zote mbili. Kisha kulabu ya juu. Kulabu ya chini iwe ya mwisho kabisa."

Nikafanya hivyo hivyo. Nikakanyaga pedali.

Pa! Uzi ukakatika.

Nikarudia. Pa!

"Uzi wako ni dhaifu," akaandika. Nikanunua mwingine. Pa! "Legeza kidogo." Nikalegeza. "Kaza kidogo." Nikakaza. "Badili sindano." Nikabadili. Nilipomwambia kwamba kwenye video wanaanza na kulabu, akanijibu kwa upole: "Usichanganye mafunzo ya watu wengi, mdogo wangu. Kila mashine na tabia yake."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa namwita mwalimu. Kila siku nilimshukuru, nikamwambia kwamba hanifahamu lakini ana moyo kuliko watu wote wa mtaani kwetu.

Siku zikawa zinakwenda. Mtunza stoo anapiga simu, mimi namwambia yanakuja, mama, yanakuja.

Dada akaacha kazi za wateja wake. Akavuta kiti akakaa pembeni yangu, tukaanza kufunga kingo za magauni kwa mkono, yeye mshono huu, mimi ule. Vidole vikatoboka. Akawa anaimba. Tangu mama afariki sijawahi kumwona dada na furaha namna ile. Alinikumbusha sare yangu ya kwanza ya shule, tulivyoishona wawili mimi nikaishonea mikono nyuma mbele. Tukacheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

"Dada," nikamwambia, "bila wewe ningekuwa wapi?"

Akainamia gauni.

Tukapeleka. Mtunza stoo akavaa miwani vizuri, akageuza gauni la kwanza, akavuta ukingo kwa kucha. Akageuza la pili.

"Mkono wako mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini mimi nguo zangu zinachemshwa na kuzungushwa. Hili likifuliwa mara moja linanirudia kamba."

"Mama, niongeze siku chache tu."

"Nilishaongeza. Wagonjwa wangu wavae nini, mashuka?"

Kazi akapewa mwingine. Chumba cha kando ya barabara kikachukuliwa na muuza simu. Nilipita pale nikamkuta anapigilia kibao chake mlangoni, nikageuza njia.

Nililia, sifichi. Nikamwandikia Fundi Kimya kwamba nimekosa kila kitu.

Akajibu: "Usikate tamaa. Mashine itunze, kazi nyingine zitakuja." Akanitumia na picha ya ukurasa wa kusafisha vumbi.

Ile picha haikupigwa kwa makini kama zile za mwanzo. Kitabu kilikuwa kimewekwa juu ya kitambaa, na pembeni kitambaa kikaonekana.

Nikaivuta picha iwe kubwa.

Nikaivuta tena.

Dada alipolazwa mwaka fulani nilimshonea tandiko la kitanda la vipande vipande. Kwenye kona moja kitambaa kilinipungukia, nikaunga kipande, na kwa haraka nikakishona upande wa ndani umekuja nje. Nilitaka kufumua, dada akanikatalia. Akasema kosa hilo ndilo linalomwambia ni mkono wangu.

Kona yenyewe ndiyo ile. Mtu anaweza kusahau sura ya mtu, lakini fundi hasahau mshono alioukosea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nguo yenyewe niliishona.

Dada alikuwa chumbani kwake, amejipumzisha. Simu aliyokuwa nayo nilimpa mimi, yangu ya zamani yenye ufa kwenye kioo. Siku zote alisema yeye na mitandao wapi na wapi, simu ni ya kusikilizia nyimbo.

Nikaandika: "Asante, mwalimu. Uko wapi saa hizi?"

Nikatuma.

Ting! Upande wa pili wa ukuta.

Jibu likaingia: "Niko mbali, mdogo wangu."

Nikaenda nikasimama mlangoni pake. Simu iko mkononi mwake. Kitabu kiko juu ya tandiko, kizima, hakuna ukurasa hata mmoja uliochanika.

"Dada."

Hakuruka wala hakuficha. Alinitazama kama mtu aliyechoka kubeba mzigo.

"Kitabu nilikitoa kwenye mfuko siku ile ile," akasema. "Nikasema ipo siku atakwama. Akikwama atanijia, atasema dada, nifundishe, kama zamani. Nikakisoma chote. Ukakwama. Ukachukua simu ukauliza watu usiowajua hata sura. Mimi nimekaa mezani pembeni yako!"

"Kwa hiyo ukanidanganya?"

"Nilitaka uchelewe tu. Tukae pamoja kidogo."

"Na nyuzi? Paka?"

Akatazama chini. "Ulikuwa unahama. Nimeambiwa na mwenye nyumba, si na wewe. Chumba cha kando ya barabara. Mimi uniache hapa nakunja suruali za watu mpaka nife."

Nilitaka kupiga kelele. Nikasema kwa sauti ndogo tu.

"Dada, kile chumba nilikipima na futi yangu. Nilipima mashine zangu mbili na cherehani moja ya miguu."

"Nini?"

"Yako ilikuwa ikae dirishani, kwa sababu macho yako yanataka mwanga. Nilinyamaza nikushtukize. Nilitaka ukiingia uikute imeshapangwa."

Akachukua kitabu akaninyooshea.

"Lete mashine nikuingizie uzi," akasema. "Kulabu kwanza, mdogo wangu. Sindano ndiyo mwisho."

Nikachukua kitabu. Mkono wake sikuugusa.

Sasa nashonea kwenye baraza la fundi mwingine, nimejibanza kwenye kona, mvua ikinyesha tunahamisha vitambaa. Ovaloki inashona vizuri sana. Kila fundi aliyekwama na mashine kama yangu nampa nakala ya kitabu bure, asije akaangukia kwa mwalimu kama wangu.

Dada hanipigii. Ila Fundi Kimya bado huniandikia. "Umekula?" "Mgongo umepona?" Nasoma, nafunga simu.

Najua mtakachoandika hapo chini. Msamehe, ni dada yako, alifanya kwa upendo. Ndiyo, alinipenda. Ndicho kinachonichoma. Adui angenipora kazi, ningemlaani, ningelala. Funzo langu ni hili: kuna mtu atakupenda ilimradi uwe umekwama. Siku ukisimama, mtazame mikono.

Wala msiniambie damu ni nzito kuliko maji. Nilitobolewa vidole kwenye yale magauni, naijua damu. Ni nzito, na kwenye kitambaa cheupe haitoki.