Mgonjwa Aliyefia Barazani

Chekeni tu, mie nimeshazoea. Naam, ndiye mimi niliyemtangazia kifo baba mkwe wangu, mchana kweupe, naye mzima, tena kabla hata hajawa mkwe. Aibu ile mpaka leo nikiikumbuka usiku najifunika shuka usoni, ingawa gizani hakuna wa kuniona.

Zamani hizo za Mwingereza nilikuwa fundi hospitalini, upande wa Temeke, na kazi yangu kubwa ilikuwa mitambo ya pumzi. Mtambo wenyewe ulikuwa na mpira unaovuta pumzi ya mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, na mshale wa kuonyesha kama hewa yake bado njema. Ikichafuka, kengele inalia, daktari anashtuka. Sasa utaujaribuje? Huwezi kumkaba mtu koo ili usikie kengele (sie hatukuwa wauaji, ingawa siku ile ya aibu nusura niitwe hivyo), kwa hiyo tulikuwa na kisanduku cha betri kinachojifanya binadamu: unakiunganisha na mtambo, unazungusha kitufe huku, mshale unaona mtu anapumua vizuri, unazungusha kule, mshale unaona mtu anakata roho. Pale karakana kisanduku hicho tulikiita Mgonjwa. Betri zikilegea tunasema Mgonjwa hajiwezi, zikiisha tunasema Mgonjwa kafa. Tulizoea hata hatusikii tena tunachokisema.

Basi siku hiyo anayepasuliwa ngiri alikuwa Mzee Saidi, baba yake Zainabu, na huyo Zainabu nilishapeleka posa kwao, nasubiri jibu. Asubuhi niliujaribu mtambo wa chumba cha upasuaji, ukaingizwa ndani. Ulibaki wa akiba, na huo ningeweza kabisa kuujaribia karakana, lakini nikaona ukoo mzima wa Zainabu umekaa barazani unasubiri, mama, mjomba, shangazi, na Zainabu mwenyewe kajitanda kanga mpya, nikajisemea moyoni, Rashidi, watu hawa wakuone kazini. Nikavaa koti jeupe, nikausukuma mtambo hadi barazani, Mgonjwa wangu juu yake, nikawapa shikamoo za adabu, nikaanza kuzungusha vitufe kwa madaha, na mshale wala hautikisiki.

Mwenzangu Gaspari, mtu wa bara mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akapaza toka karakana ng'ambo ya uwanja: "Rashidi! Mgonjwa vipi?"

"Mgonjwa kafa!"

"Kafa kabisa?"

"Kabisa! Tangu asubuhi anasuasua, nilijua tu hafiki mchana!"

"Basi mtoe matumbo umlete huku!"

Matumbo ni betri, jamani! Nikamkumbatia Mgonjwa wangu, nikazunguka nyuma kwenda stoo kuchukua betri mpya, hata sura za wale waliokaa barazani sikuzitazama.

Nilikuwa bado stoo niliposikia kilio. Si kilio cha kumeza, ni kile cha msiba, shangazi ameshaanza kuita majina ya marehemu. Nikatoka mbio, nikamkuta mama mtu kaanguka chini, Zainabu anapiga kelele, "Baba! Baba yangu!" na mjomba anamtuma mtu wa baiskeli awahi Chanika kwao wachimbe kaburi. Mie nami, wallahi, nikaamini. Haikunijia hata kidogo kwamba maiti yule nimemzusha mwenyewe.

Kilichonijia kilikuwa kingine. Mtambo ule wa ndani una swichi, upande wa majaribio na upande wa kazi. Ukiusahau kwenye majaribio, mshale unakaa pazuri tu hata mtu awe anakufa, kengele kimya. Je, niliirudisha ile swichi? Nikajaribu kukumbuka mkono wangu ulifanya nini asubuhi, sikumbuki. Nikatafuta tena, sikumbuki! Nikaona kabisa pingu, nikaona kamba, nikamwona mama yangu anakuja kunitazama gerezani. Nikaangua kilio kuwazidi wote, na katika kulia huko mdomo ukaropoka: "Nimemuua! Nimemuua mie!"

Mjomba akageuka. "Umesema?"

Sikungoja. Nilikimbilia chumba cha upasuaji, mjomba nyuma yangu na mwavuli, tukaingia wote wawili bila kuvua viatu, mie bado nalia kwamba amekufa. Daktari Mzungu akabaki kashika mkasi hewani. "Nani amekufa?" Nami macho yangu yako kwenye swichi. Iko upande wa kazi! Mshale unacheza taratibu, na kifua cha Mzee Saidi kinapanda, kinashuka. Nikakaa palepale sakafuni. Mjomba alimtazama shemeji yake anakoroma, akanitazama mie, akanitandika mwavuli wa mgongo. Halali yake.

Kueleza maana ya Mgonjwa mbele ya mama aliyekwishafungua nywele na mtu aliyetumwa dukani akarudi na sanda, hiyo kazi simwombei adui yangu. Waliniangalia kama kitu kilichookotwa jaani. Posa nikaihesabu imekufa, na hiyo kufa kwa kweli. Toka siku hiyo kisanduku nikakiita kisanduku, na aliyekiita jina lile mbele yangu tuligombana.

Mzee alipopata nafuu akaagiza niitwe. Nikaenda, nikapiga goti kando ya kitanda.

"Wewe ndiye uliyesema nimekufa?"

"Ndiye mie, mzee. Nisamehe."

Akamgeukia mkewe. "Na alilia huyu?"

"Alilia, baba Zainabu. Alitushinda hata sie wenye mtu wetu."

Mzee akafuta jicho kwa pembe ya shuka. "Basi mpeni mke. Mtu wa kunililia hivyo nitampata wapi tena?"

Nikamshika mkono nikaubusu. Ningemwambiaje, jamani, kwamba siku ile nilikuwa najililia mwenyewe?