Mlango wa Mama Mkwe

Saa moja asubuhi, Wandera Luseno ameketi kwenye kreti la soda nje ya kibanda chake katika mtaa wa Tena, Nairobi, mguu wa kulia ukiwa juu ya tairi kuukuu. Anachomelea mlango wa chuma. Cheche ikiruka karibu na mguu, anauvuta upesi kama mchuuzi aliyeona kanjo, askari wa jiji.

Ana sababu. Mwaka jana mguu huo ulikuwa ukatwe.

"Bati lilinichana kidogo tu, nikafunga kitambaa nikaendelea na kazi," asema fundi huyo wa miaka arobaini na sita.

Bakteria wakaingia. Dawa hii haikufua dafu, ile nayo vilevile. Usaha ukafika mfupani.

Hospitali ikampa nafasi katika utafiti. Seli za kinga, wale askari wa mwili wanaomeza vijidudu, hutolewa kwenye damu, hubadilishwa maabarani ili zimtambue bakteria yule msumbufu, kisha huingizwa kwa mgonjwa. Za Wandera zilidhoofishwa na ugonjwa wa sukari. Alihitaji za mtu mwenye afya.

Mkewe, Mideva, alikuwa mjamzito. Nduguye Wandera aliposikia habari ya sindano, simu yake ilizimika. Haijawaka mpaka leo.

Akabaki mama mkwe, Beldina Kageha, muuza dagaa wa omena katika mtaa wa Umoja. Hapo pakawa pagumu. Katika ukoo wao, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono wala hawali katika chumba kimoja.

"Wazee waliniuliza, 'Beldina, utaingiaje mwilini mwa mkweo?'" asimulia. "Nikawauliza, akikosa mguu, binti yangu mtamlisha nyinyi?"

Wazee wakakohoa.

Akatolewa damu. Siku ya Wandera kuwekewa seli, Beldina alikaa nje ya wodi, akamtuma muuguzi kwa mkwewe: "Mwambie baba atulie. Zikimuuma, si mimi."

Homa ilimtetemesha Wandera hadi asubuhi. Baada ya wiki kadhaa, usaha ukaanza kukauka.

"Daktari hajasema nimepona. Anasema tungoje," aeleza, sauti ikishuka. "Jirani yangu wa kitanda cha pili aliwekewa seli kama mimi. Hakurudi kwao."

Anafuta miwani.

Mlango anaouchomelea ni wa nyumba ya Beldina. Atausimika mwenyewe, akisimama nje.

"Aulete," asema Beldina. "Mimi nimeingia kwake bila hodi, lakini yeye kwangu haingii!"

Wandera akiambiwa hayo anatikisa kichwa, kisha anachora mraba kwa chaki katikati ya chuma.

"Hapa nitaweka kidirisha," asema. "Mguu ukipona kabisa, nitakwenda kwa miguu yangu miwili, anipitishie chai."